Mukimo Umevaa Suti

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali. Ukitajiwa githeri, je, moyo wako huruka kwa furaha? Jibu nalijua. Siku ya githeri kengele ya chakula ikilia, wengi wetu hutembea polepole kana kwamba tumeitwa kuchapwa. Mimi ni mmoja wao. Basi fikiria nilivyoduwaa likizo ya Agosti, mjomba alipotupeleka kwenye hoteli moja ya fahari hapa Thika. Nilifungua menyu nikiwaza kuku na chipsi, macho yakatua kwenye maneno haya: githeri, njahi, mukimo. Mukimo na kitoweo cha ng'ombe, shilingi 600!

"Ati pesa zote hizo ni za mukimo?" nikanong'ona.

Cucu, yaani nyanya yangu, akacheka. "Agiza," akasema. "Nataka kuona wameusomesha mpaka darasa gani."

Kwa wale ambao si wenyeji, mukimo ni chakula cha Wakikuyu na majirani zao. Jina linatokana na kitendo cha kuponda. Nyumbani mahindi na maharagwe huchemshwa kwa kuni saa tatu au zaidi, mpaka punje zipasuke. Kisha viazi vilivyomenywa huongezwa, pamoja na majani ya malenge au thabai, yale majani yanayowasha ukiyagusa kabla hayajapikwa. Maji yakikauka, mtu mwenye mikono ya kazi hushika mwiko akaponda. Usifikiri ni mchezo! Ukiacha kuponda mapema, viazi hubaki mabonge. Ukichelewa, chungu hupoa na mukimo hukakamaa kama udongo.

Ule wa hotelini ulikuja umevaa suti. Ulikuwa kilima kidogo cha kijani, kimefinyangwa kwa bakuli, kimekaa katikati ya sahani pana nyeupe. Majani yalikuwa yamesagwa na kuchujwa, ikabaki rangi bila nyuzi. Mahindi yalikuwa mabichi na laini, viazi vimetiwa siagi na maziwa. Juu palikuwa na dania, kando kitoweo kizito. Njahi nazo zilikuja kwenye kibakuli, zimekaangwa kwa vitunguu na karoti, nyeusi na zinang'aa. Nisidanganye: vilikuwa vitamu sana.

Labda utauliza, kwa nini jambo hili linishangaze? Ni kwa sababu si zamani sana chakula chetu hakikukaribishwa mahali kama pale. Blue Posts, hoteli kongwe ya mji wetu iliyo karibu na maporomoko ya Chania na Thika, ilijengwa mwaka 1908, wakati wa walowezi. Katika hoteli za enzi hizo Mwafrika aliingia kama mpishi au mtumishi, si kama mteja, na alipika alichotaka mzungu. Hata baada ya Uhuru wengi wetu tuliendelea kuamini kwamba chakula cha wageni ni cha heshima na cha nyumbani ni cha umaskini.

Mambo yalianza kubadilika polepole. Kuanzia mwaka 2007 Kenya, ikisaidiana na UNESCO, ilifanya kazi ya kuorodhesha vyakula vya asili, na watoto wa shule walikuwa miongoni mwa waliokusanya habari hizo. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Naam, dunia nzima imesifu sahani ambayo sisi tunaikunjia uso!

Kuna wanaolalamika kwamba hoteli zinaharibu mila kwa kutia siagi. Mimi nasema tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mahindi yenyewe asili yake ni bara la Amerika. Yalifika Afrika Mashariki kutokana na safari za Wareno, waliotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Maharagwe ya kawaida asili yake ni huko huko. Viazi vilikuja na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hivyo mukimo tunaouita wa jadi nao uliwahi kuwa wa kisasa. Njahi ndizo wazee halisi. Mlima Kilimambogo tunaouona kutoka hapa Thika, kwa Kikuyu huitwa Kianjahi, na mvua kubwa ya mwaka iliitwa mvua ya njahi. Mama aliyejifungua alipikiwa njahi, mara nyingi zikapondwa na ndizi mbivu, ili apate nguvu.

Tena wazee walijua walilofanya. Mahindi yana upungufu wa aina fulani ya protini, na maharagwe yana upungufu wa aina nyingine. Vikiungana, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Hiyo ndiyo githeri, bwana, hata kama imepikwa kwa sufuria la shule.

Sasa nirudi kwa Cucu. Alikula polepole, akamaliza sahani yote, akafuta mdomo. Mjomba akamuuliza maksi ngapi. "Wamefaulu," akasema. Kisha akaitazama mikono yake, ambayo siku hizi inamuuma na haiwezi tena kushika mwiko mzito. "Lakini huyu aliyeupika ni wa watu. Mimi nikiondoka, nyumbani ataponda nani?"

Meza nzima kimya. Mama alitazama chini, kwani sisi hula wali na chapati. Mimi, mtoto wa miaka 16, najua kukokotoa hesabu za logi lakini sijui njahi humwagwa maji ya kwanza au la.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake Gatundu. Alikaa kwenye kigoda akitoa amri, nami nikaponda. Mukimo wangu ulikuwa na mabonge. Cucu alinipa maksi 40 kwa 100, akanambia nirudi Desemba kufanya mtihani tena. Na zile njahi? Maji ya kwanza humwagwa, maana ni machungu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hotelini twendeni, tukipata wa kutupeleka. Lakini kabla ya kwenda, muulize nyanya yako mwiko uko wapi.