Fahamu: Likizo isiyo na kikomo humfaidi nani?

Januari 2023, Microsoft iliwatangazia wafanyakazi wake wa Marekani wasiolipwa kwa saa kwamba likizo yao ya malipo haitahesabiwa tena kwa siku. Netflix ilikuwa imetangulia miaka mingi.

Inafanyaje kazi?
Hakuna siku ulizotengewa. Unaomba, meneja anaidhinisha, mshahara unaendelea.

Mwajiri anapata nini?
Siku za likizo ya kawaida zisipotumika hulimbikizana na kuwa deni la kampuni. Katika jimbo la California, sheria inazihesabu kama mshahara, hivyo anayeacha kazi lazima alipwe. Pasipo siku zilizolimbikizwa, kwa kawaida hakuna cha kulipa.

Tatizo liko wapi?
Mfanyakazi hajui wapi ni kuzidisha, basi humwangalia bosi. Bosi asipopumzika, na yeye hathubutu. Mwaka 2015, kampuni ya Marekani ya Kickstarter iliachana na likizo isiyo na kikomo na kuweka siku 25.

Na huku kwetu?
Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa likizo ya malipo. Huku kwetu ni tofauti: Tanzania inataka siku 28 mfululizo kwa mwaka, sikukuu zikiwemo. Kenya, siku 21 za kazi kila miezi 12. Mwajiri anaweza kuongeza, si kupunguza.

Ukiahidiwa likizo isiyo na kikomo, uliza kabla ya kusaini mkataba: kima cha chini ni siku ngapi, nani anaidhinisha, na ukiondoka utalipwa nini?