Mgonjwa wa saratani naye aulizwe, kabla shamba halijauzwa

SARATANI haijui mpaka, na wanaoitafutia tiba nao huvuka mipaka. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago, Kampala, mwaka 1967, hupokea wagonjwa kutoka nchi jirani. Katika mgawanyo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa vituo vya umahiri, Uganda ndiyo iliyopewa saratani, Kenya figo na Tanzania moyo. Kwa hiyo safari hizi zitaendelea.

Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Hapo familia hukabiliwa na swali gumu: waendelee kutafuta tiba, au wamrudishe mgonjwa nyumbani?

Mara nyingi swali hilo hujibiwa bila mwenyewe kuwapo. Ndugu huitwa pembeni na daktari, kisha hukubaliana kwamba mgonjwa asiambiwe, maana atakata tamaa. Ng'ombe huuzwa, shamba huwekwa rehani, nauli ya kuvuka mpaka huchangwa. Mwenye mwili, na pengine mwenye shamba, ndiye wa mwisho kujua.

Ukimya huo una gharama. Mgonjwa ambaye angeweza kurudi kwao akiwa ameketi kwenye basi, hurudi ndani ya jeneza, huku ndugu wakihangaikia vibali vya kuvusha mwili. Nyumbani wanabaki watoto na deni.

Wosia si mgeni kwetu

Wapo wanaosema mazungumzo ya kifo ni uchuro. Lakini wazee wetu waliita watoto kitandani na kuusia. Hata sheria zinalitambua hilo. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi inakubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili au zaidi, iwapo aliyeutoa atafariki ndani ya miezi mitatu. Tanzania, kwa wanaofuata sheria za kimila, tangazo la mwaka 1963 linataka mashahidi wasiopungua wanne.

Wosia huo unahusu mali. Kinachosahaulika ni namna mtu anavyotaka kuuguzwa.

Wahudumu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na kumfariji mgonjwa na familia yake, huanza kwa kuuliza. Mama, unauelewaje ugonjwa wako? Ungependa kuelezwa kiasi gani, na nani awepo? Ukizidiwa, nani akusemee? Ungependa kuuguzwa wapi? Kitu gani kinakutia hofu zaidi?

Anayesema hataki kujua naye aheshimiwe. Amtaje atakayepokea taarifa kwa niaba yake. Na mazungumzo yafanyike mapema, mgonjwa akiwa bado na nguvu za kusema, tena yarudiwe, kwa kuwa mtu anaweza kubadili mawazo.

Nyumbani kuna dawa?

Hata hivyo, kumuuliza mgonjwa kama anataka kufia nyumbani hakusaidii kitu ikiwa huko hakuna dawa ya maumivu. Hapa Uganda ina la kufundisha. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na kuanza kutumia morfini ya maji, inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa dawa hiyo na maji. Mgonjwa huinywa akiwa kwake. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, hivyo wa vijijini hawalazimiki kumsubiri daktari. Rwanda nayo ilipitisha sera yake ya tiba shufaa mwaka 2011.

Morfini hudhibitiwa kisheria, kwa hiyo anayerudi nchini kwake asiibebe kienyeji. Kabla ya kuondoka, familia iombe muhtasari wa matibabu na barua ya rufaa, na iulize ni kituo gani cha karibu na kwao kinachotoa dawa hiyo.

Kazi ya wizara za afya za Jumuiya ni kuhakikisha barua hiyo inapokelewa upande wa pili wa mpaka, na chupa ya dawa inapatikana. Kazi ya familia ni nyepesi zaidi na haihitaji fedha: kabla ya kumtafuta mnunuzi wa shamba, kaeni na mgonjwa, mumuulize anataka nini.