Noeli Ugenini: Mkristo Anapoisherehekea Katika Nchi ya Wabudha



Hapa kwetu Ngara na Biharamulo hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba Noeli imekaribia. Kwaya zinafanya mazoezi kila jioni, mafundi cherehani wanakesha, mabasi yanaleta ndugu kutoka Mwanza na Dar es Salaam. Tarehe 25 Desemba ni sikukuu ya taifa, hivyo hata jirani asiye Mkristo amepumzika na mara nyingi anakaribishwa mezani.

Lakini wapo watoto wetu wanaokwenda mbali kwa masomo, kazi au biashara, na baadhi yao hufika katika nchi ambazo wakazi wengi ni Wabudha. Makala hii inaeleza Noeli ilivyo huko, na jinsi parokia iliyobaki nyumbani inavyoweza kumsaidia aliye peke yake.

Siku ya kazi kama nyingine

Tuchukue mfano wa Thailand. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 ni Wabudha, na Wakristo ni kama mtu mmoja katika kila 100. Tarehe 25 Desemba si sikukuu ya serikali. Ofisi ziko wazi, na mwanafunzi anaweza kukuta amepangiwa mtihani siku hiyo. Hata miaka inahesabiwa tofauti: mwaka tunaouita 2024, kwao ulikuwa 2567. Sikukuu yao kubwa ya dini ni Visakha, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi Mei, wanapokumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kupata kwake nuru na kufa kwake.

Katika maduka makubwa ya Bangkok mgeni ataona miti ya Krismasi na taa nyingi, lakini hiyo ni mipango ya biashara. Akiamka alfajiri ya Noeli atawaona watawa wa Kibudha wakipita na mabakuli yao, na watu wakiwawekea chakula, kama wafanyavyo siku zote.

Si nchi zote za Wabudha zinafanana. Sri Lanka na Myanmar zina Wabudha wengi, na bado Noeli ni sikukuu ya serikali huko. Na hata Thailand Kanisa lipo. Bangkok kuna Kanisa la Mkombozi, lililojengwa kwa umbo la mahekalu ya nchi hiyo, ambako Misa husomwa pia kwa Kiingereza. Kaskazini-mashariki, katika mji mdogo wa Tha Rae, Wakatoliki ambao wazee wao wengi walitoka Vietnam hufanya maandamano ya nyota kubwa za kupambwa kila Noeli. Kwa hiyo mtoto wetu anaweza kusali. Shida ni kwamba hakuna atakayemkumbusha. Asipouliza mapema kanisa liko wapi na Misa ni saa ngapi, siku itapita akiwa kazini.

Kuishi vema na majirani

Wabudha wa Thailand kwa kawaida si watu wa kumzuia Mkristo kusali. Naye anapaswa kuwaheshimu. Avue viatu kabla ya kuingia hekaluni, asielekeze nyayo zake kwenye sanamu ya Buddha, asimguse mtu kichwani, na mwanamke asimguse mtawa. Kufanya hivyo ni adabu ya mgeni, wala si kuabudu.

Njia nzuri ya kusherehekea ni kupika na kuwakaribisha wenzake wa kazini au chuoni, hata kama ni wali na kuku tu. Akiulizwa sababu ya karamu, hapo ndipo atakapoeleza Noeli ni nini, bila kubishana na mtu.

Ngara iliwahi kupokea Noeli ya wageni

Tunawaandikia haya kwa sababu eneo letu linaijua Noeli ya ugenini kwa upande wa pili, upande wa mwenyeji. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku mbili hivi. Kambi za Benaco, Lumasi na nyinginezo zikajaa. Noeli ya mwaka huo iliwakuta chini ya maturubai.

Wageni wale walikuwa na nafuu ambayo mtoto wetu hana huko Asia. Wengi walikuwa Wakristo kama wenyeji, na Kihangaza kinasikilizana na lugha yao. Hata hivyo siku ilikuwa nzito. Kambini walikuwamo waliofiwa, na walikuwamo pia walioshiriki mauaji ya kimbari. Wenyeji nao walikuwa wamepoteza misitu yao kwa kuni, na visima vilikuwa havitoshi.

Kisha mwanzoni mwa Desemba 1996 ikatangazwa kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Majilio ya mwaka ule yakawa ya misafara barabarani kuelekea Rusumo, na wengi hawakurudi kwa hiari. Mwaka ulipokwisha, kambi zao zilikuwa karibu tupu. Warundi walibaki Lukole hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008.

Somo tunalolipata ni hili: wimbo uleule na imani ileile havimwondolei mgeni upweke. Anahitaji mtu anayelijua jina lake na kumwekea nafasi. Kama ilikuwa hivyo kwa waliosali kama sisi, ni zaidi kwa yule ambaye jirani zake hawajui kwamba leo ni Noeli.

Yanayowezekana kwa kila kamati

Kwanza, kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio, kila jumuiya ndogo ndogo iandike majina ya waumini wake walio nje ya nchi, na nchi waliko.

Pili, katibu awasiliane na kila mmoja kumuuliza kama amepata kanisa. Kama bado, paroko aombewe kusaidia kulitafuta kupitia jimbo.

Tatu, majina hayo yatajwe katika maombi ya mkesha, naye aambiwe saa. Bangkok iko mbele yetu kwa saa 4. Mkesha wetu ukianza saa 2 usiku, kwake ni saa 6 kamili za usiku. Tukitaja jina lake saa hiyo, tunasali naye.

Nne, kamati itazame pia wageni walio hapa kwetu: mwalimu aliyehamishiwa kijijini, muuguzi wa zamu, kibarua asiye na nauli ya kurudi kwao. Sahani moja ya ziada inatosha.

Wafadhili wetu wataona kwamba mpango huu hauhitaji bajeti. Unahitaji daftari, simu na mtu mmoja wa kufuatilia. Tunawaomba nanyi, kule mliko, mwulize kama yuko Mtanzania jirani yenu ambaye siku hiyo hana pa kwenda.