Maji ni Uhai, Lakini si Chakula

Leo nimeishika kalamu nieleze jambo linalotuhusu sote, mnene na mwembamba, mwalimu na mwanafunzi: maji ya kunywa. Nitaanza na kisa changu mwenyewe. Naona haya kukisimulia, ila huenda kikamfaa mwenzangu mmoja.

Kwetu ni Ruiru na masomo nayafanyia hapa Thika. Nilipoingia Kidato cha Pili mwili ulikuwa umenenepa, na wenzangu hawakukawia kunibandika jina. Waliniita "Tangi". Mchana nilicheka pamoja nao, lakini usiku bwenini mto wangu ndio ulioijua siri. Basi likizo moja binamu yangu akaniambia kwamba ukinywa maji mengi mafuta ya mwilini yanayeyuka yenyewe. Ati lita tano kila siku, na chakula unakipunguza mpaka tumbo lizoee. Nikasema, kumbe dawa ndiyo hii, tena ya bure!

Shule zilipofunguliwa nikaanza kazi. Asubuhi nilikunywa chupa mbili za maji, na uji wangu nikampa jirani. Githeri ya saa saba niliionja tu. Jioni maji tena. Siku ya tisa, tukiwa kwenye gwaride la asubuhi, niliona bendera inazunguka na masikio yakavuma kama mzinga wa nyuki. Kufumba na kufumbua nikajikuta kitandani, nesi ananipima presha.

"Umekula nini tangu jana?" akaniuliza.

"Maji, sista."

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, maji ni uhai, lakini hayajawahi kuwa chakula."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka maktabani na kwa mwalimu wa Bayolojia. Hebu niwagawie niliyoyapata.

Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu ni maji. Damu huyatumia kusafirisha chakula na hewa, ngozi huyatoa kama jasho ili mwili upoe, na utumbo huyahitaji ili choo kisiwe kigumu. Figo zetu mbili huchuja kama lita 180 za majimaji kwa siku moja! Karibu yote hurudishwa kwenye damu, na kinachobaki, lita moja au mbili hivi, ndicho mkojo. Maji yakipungua hata kidogo tu, kichwa huanza kuuma, usingizi hukujia katikati ya somo la Hisabati, na unalosomewa haliingii. Mara nyingi tunamlaumu mwalimu kumbe tuna kiu.

Sasa, mtu anywe kiasi gani? Wengi wetu tumekariri kwamba ni glasi nane. Mwaka wa 1945 bodi moja ya lishe ya Marekani ilitaja kama lita mbili u nusu kwa siku, lakini ikaongeza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Watu wakaishika sentensi ya kwanza, ya pili wakaisahau. Mwaka wa 2002 daktari mmoja wa figo wa huko huko Marekani, Heinz Valtin, aliutafuta ushahidi wa kisayansi wa glasi nane na hakuupata. Mwaka wa 2010 wataalamu wa Ulaya walikadiria lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, wakihesabu kila kitu: maji, chai, uji, supu, hata maji yaliyo ndani ya nanasi na sukuma wiki. Anayecheza mpira juani au kupalilia shamba ataongeza, kwa sababu jasho halina hesabu moja.

Nesi alinipa kipimo rahisi kuliko hivyo vyote. Tazama mkojo wako. Ukiwa wa manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, kimbilia kikombe.

Je, maji yanapunguza unene? Hapa ndipo nilipodanganyika, basi tusikilizane vizuri. Maji hayayeyushi mafuta. Mafuta ni akiba ya chakula ambacho mwili haukukitumia, na hupungua mwili unapotumia nguvu nyingi kuliko zile zinazoingia. Maji husaidia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulijaza tumbo kidogo kabla ya kula. Mwaka wa 2010 kulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo watu wazima walikunywa nusu lita ya maji kabla ya kila mlo kwa majuma 12. Walipungua kama kilo mbili zaidi ya wenzao ambao hawakufanya hivyo. Lakini wote wawili, hawa na wale, walikuwa kwenye mpango wa kupunguza chakula kwa kiasi, na walikuwa watu wa makamo na wazee. Hapakuwa na mtoto wa shule anayerefuka na kuamka saa kumi na moja alfajiri.

Njia ya pili ndiyo yenye faida kubwa kwetu: kunywa maji mahali pa soda. Soda moja ya mililita 300 ina sukari ya gramu kama 32, yaani vijiko vidogo vinane. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba ingefaa mtu mzima asipite gramu 25 hivi kwa siku. Maanake soda moja ya kantini tayari imeuvuka mpaka. Jamani, hapo ndipo "Tangi" langu lilipokuwa linajaziwa!

Hata maji yakizidi hudhuru. Ukiyabugia mengi kwa muda mfupi, chumvi ya damu huzimuliwa, na mtu huweza kuumwa na kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, hata kufa. Mwaka wa 2002, katika mbio ndefu za Boston ambazo Wakenya Rodgers Rop na Margaret Okayo walishinda, watafiti waliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa mpaka uzito wao ukaongezeka njiani. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Tukirudi nyumbani, mambo yetu yanashangaza. Thika ina mito miwili, Chania na Thika, na maporomoko yake watu hutoka mbali kuja kuyatazama pale Blue Posts. Juu zaidi, Gatanga, liko Bwawa la Ndakaini lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70, ila maji yake huteremka kwenda Nairobi. Hata lile Bwawa la Ruiru maji yake huenda huko huko. Sisi mtaani kwetu mfereji ukikauka tunangojea mkokoteni wenye mitungi ya lita 20, na mama huyagawa maji: haya ya kupikia, haya ya kufulia, na ya kunywa mwishowe. Ndiyo maana kumwambia mtu "kunywa maji mengi" si jambo jepesi kama linavyosikika.

Tena maji hayo yawe salama. Mwezi wa Oktoba 2022 kipindupindu kilirudi nchini, na Kaunti yetu ya Kiambu ilikuwa miongoni mwa zilizokumbwa mwanzo. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa, kisha yafunike kwenye chombo safi. Huku kwetu, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, lakini vijidudu vya kipindupindu havitoki salama humo. Ila visima virefu vya sehemu kadhaa za Kiambu na Nairobi vina floraidi nyingi, ile inayoyafanya meno kuwa ya kahawia, na hiyo kuchemsha hakuiondoi. Heri kisima kipimwe kwanza.

Kabla sijaitua kalamu, nina ombi kwa walimu wetu. Wengi wetu hatunywi maji mchana kwa sababu moja ambayo hatuisemi: tunaogopa kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Wasichana hasa hujinyima maji kutwa na kuubana mkojo, na mwisho wake ni maumivu ya njia ya mkojo na safari za zahanati. Tunaomba chupa ya maji iruhusiwe dawatini, na anayeomba kutoka asichekwe wala asiulizwe maswali mbele ya darasa. Jambo hilo halihitaji bajeti.

Nanyi wenzangu, majina tunayobandikana yapunguzeni. Hakuna aliyenilazimisha kuacha uji wangu, lakini jina lile lilinisukuma. Siku hizi nakula githeri yangu yote, natembea uwanjani jioni, soda nimeiachia siku ya kufunga shule, na chupa yangu ya maji haiko mbali nami. Uzito umepungua polepole, na mtu akiniita "Tangi" namjibu, "Naam, la maji safi!"

Kunyweni maji, kuleni chakula. Kwaherini mpaka toleo la mwaka ujao.