Kabla ya Kupanda Kilimanjaro, Pima Damu Ukiwa Mkula

Mkula, wilayani Busega, iko ukanda wa Ziwa Victoria, ambalo maji yake yako mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kijana anayepalilia pamba tangu alfajiri ana miguu ya kufika huko. Wasiwasi wangu uko kwenye damu yake, na damu hupimwa kabla ya safari.

Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Mkula. Kinachopungua ni mgandamizo: kule juu ni takriban nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Mwili huanza kupumua haraka, kisha figo hurekebisha tindikali ya damu ili upumuaji huo uendelee. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Kuongeza chembe nyekundu huchukua majuma. Kwa hiyo mazoezi ya kutembea na mzigo mgongoni ni ya lazima, lakini hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Mkimbiaji hodari anaweza kutapika usiku kucha pale kambi ya Horombo, mita 3,720, na mzee wa mwendo wa pole pole akalala salama.

Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa kuna jingine, nalo huzungumzwa kidogo mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kaskazini magharibi mwa Tanzania, karibu mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa na kinasaba kimoja cha sikoseli. Kinasaba hicho kimeenea kwa sababu humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Mbebaji huishi miaka yote bila dalili, na wengi hawajijui. Ila oksijeni ikishuka sana, chembe zake zinaweza kujikunja kama mundu na kuziba mishipa ya bandama. Atasikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Hapo ateremshwe mara moja. Mbebaji hakatazwi kupanda. Ajijue, azungumze na daktari, amweleze mwongozaji, anywe maji ya kutosha. Mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kwa baba na kwa mama, asipande.

Wanaolenga kuwa kileleni 9 Desemba, Siku ya Uhuru, waende hospitali mwanzoni mwa Oktoba. Wapime sikoseli, wingi wa damu, presha, sukari, choo na mkojo. Safura na kichocho hupunguza damu polepole, na mtu mwenye damu pungufu anapanda akiwa tayari na upungufu wa oksijeni. Miezi miwili inatosha kuanza tiba na kuona damu ikipanda.

Malaria nayo isisahauliwe. Vimelea hukaa mwilini wiki moja au zaidi kabla ya homa, kwa hiyo mtu anaweza kuumwa na mbu nyumbani na kuugua mlimani. Kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu huonekana kama ugonjwa wa mwinuko tu. Joto likipanda, apimwe malaria.

Dawa ya asetazolamaidi husaidia figo kufanya kazi yake mapema. Kwa kinga, kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, kwa ushauri wa daktari, hasa kwa aliyewahi kudhurika na dawa za salfa. Njia ya Marangu huuzwa kwa siku 5 au 6. Chukua 6, hata kama gharama inaongezeka, kwa kuwa siku ya ziada Horombo huupa mwili nafasi ya kuzoea.

Mwenye kichwa kinachouma asiendelee juu mpaka kitulie. Anayeyumba akitembea, anayeongea yasiyoeleweka, au anayehema akiwa ameketi, ubongo au mapafu yake huenda yanajaa maji. Huyo anateremshwa usiku huohuo, bila kungoja kupambazuke.