Je, Wajua? Nyuma ya Stendi Kuna Msitu

Saa kumi na moja alfajiri Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis imeshachangamka. Wapiga debe wanaita Mwanza, Mbeya, Arusha. Mama lishe anapuliza moto wa chai, na abiria anakimbizana na mtu aliyembebea mizigo. Tangu stendi hii izinduliwe Februari 2021, watu wengi wanaotoka Dar es Salaam kwenda bara kwa basi hupita hapa, na ukimtajia yeyote kati yao neno msitu, mawazo yake yatarukia Udzungwa au Amani. Mimi mwenyewe nimekaa Mbezi miaka mingi nikiamini kwamba pori ni kitu cha kupandia basi. Siku nilipofunga kamba za viatu na kushika njia ya Mpiji Magoe ndipo nilipojua nimekuwa nikilala mlangoni pa msitu.

Je, wajua kwamba kaskazini mwa Mbezi, kuelekea Mabwepande, lipo pori la akiba kamili ndani ya mkoa wa Dar es Salaam? Ni Pori la Akiba Pande. Lilitengwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1952, likapandishwa hadhi kuwa pori la akiba mwaka 1990, na leo lipo chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 12 hivi, yaani mtu mwenye miguu mizuri anaweza kulikata kwa asubuhi moja. Kwa muda mrefu jina la Pande lilifika redioni kwa habari za kusikitisha tu, na wakazi wengi wa jiji wakabaki na hofu nalo. Ni haki lijulikane kwa mengine.

Kwa mfano, lijulikane kwa komba. Si yule komba mkubwa anayelia usiku kwenye minazi na kuiba tembo la mgema hadi Waswahili wakapata msemo wa kulewa kama komba. Huyu ni komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa Rondo kule Lindi, na uzito wake ni gramu 60 tu, sawa na yai moja la kuku. Katika jamii yote ya komba hakuna mdogo kuliko yeye. Sayansi ilimpa jina rasmi mwaka 1997 tu, wakati ambapo mitaa ya Mbezi ilikuwa tayari inajengwa! Mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa, na chakula chake kikubwa ni wadudu anaowawinda usiku karibu na ardhi. Duniani kote anaishi katika vipande vichache vya msitu wa pwani ya Tanzania, na Pande ni kimojawapo, kama ilivyo Pugu na Kazimzumbwi. Kuanzia mwaka 2006 ametajwa zaidi ya mara moja katika orodha ya dunia ya nyani, kima na komba 25 walio hatarini zaidi kutoweka. Mnyama wa orodha hiyo yuko jirani na stendi ya mabasi, na sijawahi kusikia mtoto wa shule ya mtaani kwetu akimtaja.

Je, wajua kwamba jiji hili limehifadhi misitu yake kwenye majina ya vituo vya daladala? Mikocheni ni penye mikoche. Mkwajuni palikuwa na mkwaju, Mbuyuni mbuyu, Mivinjeni mivinje. Mabibo ni yale matunda laini yanayobeba korosho. Konda anapoita vituo anasoma orodha ya miti bila kujua, na mara nyingi jina ndilo pekee lililobaki.

Je, wajua kwamba ardhi ya huku Uzaramo iliwahi kung'arisha magari ya farasi ya Marekani? Kuna mti wa misitu ya pwani uitwao msandarusi, wengine huuita mnangu. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu wenye rangi ya asali, nao ukikauka ndiyo sandarusi. Lakini sandarusi iliyotafutwa sana katika karne ya 19 haikutoka kwenye mti uliosimama. Ilichimbwa. Wachimbaji wa Mrima, yaani mwambao huu wa bara, walikuwa wakifukua mchanga kwa majembe mafupi na kutoa mabonge yaliyolala chini kwa mamia, hata maelfu ya miaka, yakiwa magumu, na ukiyaosha unaona nyuso zake zina vipele kama ngozi ya ndege aliyenyonyolewa. Mengine yana mdudu ndani, mabawa yake yamekunjuka kama aliyeruka jana. Mabonge hayo yalipelekwa Unguja, kisha yakapakiwa merikebuni hadi Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, hasa baada ya Marekani na Sultani Seyyid Said kutia saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Huko Marekani yaliyeyushwa kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi.

Jambo linalonigusa zaidi si biashara yenyewe. Sandarusi nyingi ilichimbwa mahali ambapo hapakuwa tena na msandarusi hata mmoja. Mchimbaji alikuwa amesimama juani, kwenye vichaka, akitoa chini ya miguu yake utomvu wa msitu uliokwisha kufa kabla babu yake hajazaliwa.

Je, wajua kwamba mpira ulianza kuwa mmea wa msituni? Kabla ya viwanja na jezi, watu wa pwani waliita mpira ile mitambaazi yenye maziwa meupe inayopanda miti mikubwa. Mmoja wa mitambaazi hiyo uliitwa *Landolphia kirkii*, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja. Ndugu yake wa karibu ni mbungo, ule wa mabungo tunayokamua juisi. Ukinunua glasi ya juisi hiyo barabarani, unakunywa msitu.

Na kuna mti mmoja ambao Kiswahili kimeupa jina hadi kwenye Kilatini. Mkilua, wenye maua ambayo akina mama wa mwambao huyachanganya na asumini na rehani kwenye vikuba, uliandikwa na mtaalamu Bernard Verdcourt mwaka 1970 kwa jina *Mkilua fragrans*. Hakutafuta jina jingine la jenasi. Aliona lililopo linatosha. Hupatikana Kenya na Tanzania tu.

Je, wajua upupu? Najua unaujua, lakini sikiliza. Mara yangu ya tatu kutembea pembezoni mwa msitu ilikuwa kiangazi. Nilipita kwenye ujia mwembamba uliozibwa na vichaka nikiwa nimevaa shati la mikono mifupi. Nilihisi kitu kama vumbi jepesi kimenidondokea mkononi. Kabla sijafika hatua kumi ngozi ilikuwa inawaka, na kila nilipojikuna ndivyo moto ulivyosambaa hadi shingoni. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alinishika mkono, akaniambia, "Usikune, mwanangu, na maji usiguse kwanza." Akanipaka majivu baridi kutoka kwenye jiko lake, akayasugua taratibu, akayapangusa, akarudia. Baadaye nilisoma kilichotokea: maganda ya upupu yana vinywele vyembamba vyenye protini inayochokoza neva za ngozi. Mmea huohuo, ndani ya mbegu zake, una levodopa, dawa inayotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mikono. Ganda linamnyima mtu utulivu, na mbegu iliyo ndani yake ina kitu kinachomtuliza mgonjwa.

Kwa hiyo mikono mirefu. Na suruali iingie ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu.

Jongoo utamkuta tu baada ya mvua. Jongoo mkubwa mweusi wa pwani yetu ni miongoni mwa majongoo warefu kabisa duniani, anaweza kuzidi sentimita 30. Hondohondo naye utamsikia kabla hujamwona. Jike lake huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi hadi ubaki ufa mwembamba, na kwa majuma mengi dume ndilo linalomlisha kupitia ufa huo. Tundu hilo linahitaji mti mnene uliozeeka. Mti wa miaka kumi hauna tundu la kumtosha.

Je, wajua kwamba Mto Msimbazi, ambao wengi wetu tunaujua kwa harufu na mafuriko ya Jangwani, unaanza kwenye kivuli? Chimbuko lake ni vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Kutoka Mbezi unaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilihifadhiwa tangu miaka ya 1950, na siku hizi imeunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Unalipa kiingilio getini, unapewa mtu wa kukuongoza, unatembea. Kuna bwawa la Minaki, na kuna mapango yaliyoachwa na machimbo ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Magharibi ikiingia, popo humiminika kutoka humo kama moshi.

Mvua inyeshapo Pugu, majani makavu na mizizi huyapokea maji na kuyaachia polepole. Yakishuka kwenye paa za bati na sakafu za saruji hakuna cha kuyapokea. Mwezi Desemba 2011 zaidi ya watu 40 walipoteza maisha kwenye mafuriko ya Dar es Salaam, wengi wakiwa wakazi wa mabondeni. Ukisimama kwenye chimbuko la Msimbazi, mahali ambapo mtoto anaweza kuuruka, ni vigumu kuamini kwamba ni mto uleule.

Nimeacha la mwisho ninalolipenda kuliko yote. Je, wajua kwamba kuna samaki anayeishi kwenye dimbwi linalokauka kila mwaka?

Kwenye mabonde ya pwani yetu, yenye matete na ukindu, mvua za masika huacha madimbwi. Baadhi yake yana samaki wadogo wa jenasi iitwayo *Nothobranchius*, wenye urefu wa kidole cha mtoto. Dume limepakwa nyekundu na buluu kama kanga mpya. Jike ni la kijivu. Mmojawapo, *Nothobranchius melanospilus*, amepata jina kutokana na madoa meusi ya jike. Dimbwi lao halina mto wa kuingia wala wa kutoka. Samaki hawa huanguliwa maji yanapofika, hukua haraka, huzaana kila siku, na hutaga mayai ndani ya tope. Kisha jua linakuja. Wazazi wote hufa. Tope linapasuka vigae, ng'ombe wanapita juu yake, watoto wanacheza mpira, na chini ya nyayo zao mayai yamesimamisha ukuaji na yanasubiri. Si mayai yote huamka kwa mvua ya kwanza. Mengine hubaki yamelala, kwa kuwa mvua ya kwanza huweza kudanganya.

Ndugu yao wa Zimbabwe na Msumbiji, *Nothobranchius furzeri*, anaweza kukomaa wiki mbili tu baada ya kuanguliwa, na kwa sababu huzeeka ndani ya miezi michache, maabara za Ulaya na Marekani zinamtumia kuchunguza uzee wa binadamu. Unguja ina wake, *Nothobranchius guentheri*.

Bonde ninalopita nikielekea Mpiji lina dimbwi la namna hii. Mwezi wa tano mtoto mmoja wa pale alinionyesha chupa ya maji ya nusu lita, ndani yake samaki mmoja mwekundu akizunguka. Nilimuuliza amemtoa wapi. Akanyoosha kidole kwenye dimbwi, kisha akamrudisha mwenyewe, akiinamisha chupa taratibu ili asimgonge.

Mwezi wa tisa pale palikuwa pakavu kabisa. Pembeni mtu alikuwa amechomeka kibao cha mbao, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: KIFUSI KINAHITAJIKA. Nilichuchumaa, nikamenya kigae kimoja cha tope kilichojikunja kama chapati iliyokauka, nikakigeuza. Upande wa chini kilikuwa bado kina unyevu. Nikakirudisha palepale nilipokitoa, upande uleule chini.