C∞ si kipeo

Kila mwaka, tukigusa tu derivativi, hapa Kindu hakosekani mwanafunzi wa kuinua mkono: "Profesa, C∞ ni C kipeo cha ngapi?" Mwaka huu wamekuja watatu. Mmoja alishika karatasi ya fotokopi: C∞ = C × C × C…, eti ndiyo maana ni kubwa kuliko zote. Karatasi hiyo itieni moto.

Najua kosa lilikotoka: R² kweli ni R × R. Lakini C ni kundi la fanksheni, na alama iliyo juu yake haizidishi kitu. Inahesabu derivativi: ngapi lazima ziwepo, na zisikatike. C⁰, fanksheni yenyewe haikatiki, basi. C¹, derivativi ya kwanza ipo na haikatiki. C∞, zote zipo, bila mwisho.

Kwa hiyo namba ikipanda, kundi linapungua. Mama anayechekecha unga wa muhogo analijua hilo: matundu yakiwa madogo zaidi, unaopita ni kidogo. |x| inapita C⁰, inakwama C¹ kwa sababu ya pembe yake pale sifuri. x|x| haina pembe, inapendeza macho. Ila derivativi yake ni 2|x|, na pembe ni ileile! Imepita C¹, imekwama C². Jicho halikuona kitu, lakini abiria wa treni angehisi. Unganisha reli iliyonyooka moja kwa moja na tao la duara: mwelekeo haukatiki, ila mpindo unaruka ghafla, na watu wanasukumwa ubavuni. Wahandisi huweka katikati kipande kinachopinda polepole, si kwa urembo.

Mengine haraka. C²([0,1], R): juu, derivativi mbili; kabla ya mkato, x inatoka wapi; baada yake, majibu yanaangukia wapi. Herufi c ikikaa chini, fanksheni ni sifuri nje ya eneo lililofungwa na lenye mipaka. C∞ ya namna hiyo, vitabu vyetu vya Kifaransa huiandika 𝒟, alama ya Laurent Schwartz, mshindi wa nishani ya Fields mwaka 1950. Cω: ω si namba, maana yake, karibu na kila nukta fanksheni ni sawa na mfululizo wake wa Taylor. Matundu yake ni madogo kuliko ya C∞. Chukua e^(−1/x²), uipe 0 pale x = 0: hapo derivativi zote ni 0, mfululizo ni 0, fanksheni yenyewe siyo.

Atakayeniandikia C × C × C kwenye mtihani atapata sifuri, hata akiwa na mwandiko mzuri.